Luku Kali, Mkono Unalia

Wasee wa setap, mnajijua. Deski imepangwa, taa zinawaka, kibodi imeiva, na hapo kando kuna mausi bapa, nyembamba, inatokea fiti kwa picha. Luku safi. Lakini manze, uliza mkono wa mwenyewe ikifika saa nane usiku na bado anaediti video ya klayenti.

Hii vita ya luku na raha haikuanza jana. Mwaka wa 1998 Apple walidondosha iMac G3, na mausi yake ilikuwa duara kabisa. Kwa macho ilikuwa moto: plastiki ya kuonyesha ndani, rangi imemechi na mashini. Noma ilianza ukiishika. Duara halina mbele wala nyuma, hivo ukiiokota bila kucheki unapata imegeuka kiasi, unasukuma juu, mshale unahepa kando. Kiganja nacho hakina pa kulala, inabidi uikamate na ncha za vidole. Wasee wengine wakaanza kuuza vifuniko vya kuirefusha, na Apple wenyewe wakaweka kishimo kwa batani ndio kidole kijue mbele ni wapi. Kufika 2000 waliitoa, wakaleta ya umbo la yai.

Na bado hawajaacha. Magic Mouse yao ni bapa tangu 2009, na tangu 2015 tundu la chaji liko tumboni. Ikichaji, kazi imesimama. Hapo mrembaji alishinda mtumiaji, na mi siwezi kuiita dizaini poa.

Cheki mkono wako sai. Laza kiganja kwa meza: ile mifupa miwili ya kutoka kiwiko imepishana. Sasa kisimamishe ka unasalimia msee, mifupa imeachana, misuli imetulia. Hiyo ndio akili ya mausi za wima. MX Vertical ya Logitech, ya 2018, imesimama kwa digrii 57. Wengi huichorea juu inakaa ngeni kwa deski. Mi naona ni mrembo, juu kila mkunjo wake umefuata mkono. Na hii si story ya raha tu: ukikunja kifundo cha mkono masaa mob kila siku, neva inayopita kwa kile kinjia chembamba cha hapo inaweza kufinywa, na vidole, kuanzia gumba, vinashikwa na ganzi. Ukifika hapo usivumilie buda, ona daktari.

Ukienda Luthuli, ile striti ya elektroniki Nairobi, usitoe ganji kwa kuangalia tu. Ambia muuzaji aitoe kwa boksi. Laza kiganja, sogeza, bonyeza, skia ka gumba limepata pa kukaa. Ka mkono wako ni mdogo, wachana na zile kubwa hata ka zinawaka rangi zote. Ka unatumia kushoto, hakikisha haijachongewa wa kulia. Na muuzaji akikataa uishike, hepa, maduka ni mob hiyo striti.