Panya, Pongo na Mtu: Nani Alibeba Mzigo wa Utafiti wa Malale

Katika mkoa wa Katavi, swali la iwapo ni haki kumtesa mnyama ili binadamu apone haliwezi kutenganishwa na ndorobo, yule inzi mfyonza damu ambaye sehemu nyingine za nchi huitwa mbung'o, na ambaye humwambukiza mtu malale na ng'ombe nagana. Inzi huyu hustawi katika miombo ya Mlele na Inyonga na kandokando ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wanaoumwa naye zaidi ni wale ambao riziki yao imo porini, yaani warina asali, wachungaji na askari wa wanyamapori, ingawa hata mtalii aliyeketi garini hujikuta akifunga vioo upesi huku joto likimchoma.

Malale ya Afrika Mashariki husababishwa na kimelea kiitwacho Trypanosoma brucei rhodesiense, kiumbe cha seli moja kisichoonekana bila hadubini, ambacho huishi katika damu ya pongo, nyati, ngiri na hata ng'ombe wa kufugwa bila kuwadhuru sana, lakini kikiingia mwilini mwa mtu huleta homa, kisha hupenya hadi ubongoni, na mgonjwa asiyetibiwa hufa, mara nyingi ndani ya miezi michache. Kwa hiyo mnyama amekuwamo katika utafiti wa malale tangu siku ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye ghala la ugonjwa wenyewe, na kila aliyetaka kuuelewa alilazimika kumgusa.

Namna anavyoguswa ndiyo inayostahili kutazamwa kwa karibu. Kwa miongo mingi mgonjwa ambaye vimelea vimeshamwingia ubongoni alitibiwa kwa melarsoproli, dawa iliyotengenezwa kutokana na aseniki, ambayo iliunguza mishipa ilipodungwa na ambayo yenyewe iliua takriban mgonjwa 1 kati ya 20. Vidonge viitwavyo feksinidazole, ambavyo Shirika la Dawa la Ulaya liliviridhia kwa malale ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 2023 baada ya kujaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, vilipita kwanza kwa panya. Vimelea vya ukoo uliopatikana kwa nyumbu wa Serengeti mwaka 1966 hudungwa panya mweupe, kisha panya huyo huachwa wiki 3 bila tiba, maana kinachongojewa ni vimelea vihamie ubongoni. Ncha ya mkia wake ikitobolewa na tone la damu likawekwa juu ya kioo, hadubini huonyesha vimelea vikijinyonganyonga kati ya chembe nyekundu za damu kama kambare katika tope la mto Katuma mwezi wa Oktoba. Panya aliyepewa dawa akapona huendelea kuangaliwa kwa miezi kadhaa, na yule ambaye ugonjwa unamrudia huuawa.

Hakuna haja ya kuyapamba maneno hapa: panya huyo anaugua kwelikweli, hakuulizwa, wala hatapata chochote kutokana na tiba itakayopatikana. Methali isemayo mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu, ambayo kwa kawaida hutumiwa kumsuta mtu anayewatendea wengine asilolipenda nafsini mwake, katika jambo hili inaweza kusomwa neno kwa neno. Hata hivyo, anayetaka kumwondoa panya maabara hana budi kueleza ni nani angekaa mahali pake, na historia ya malale inalo jibu ambalo halipendezi, kwa kuwa mahali hapo paliwahi kukaliwa na watu.

Robert Koch, daktari Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, alikwenda Visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria mwaka 1906, akawadunga wagonjwa atoksili, dawa nyingine yenye aseniki, na alipoongeza kipimo, baadhi yao wakapofuka. Karibu zaidi na Katavi ni Tinde, jirani na Shinyanga, ambako kuanzia miaka ya 1930 watafiti wa serikali ya Kiingereza walichukua ukoo mmoja wa vimelea, wakautoa kwa kondoo mmoja hadi mwingine na kwa paa kwa njia ya ndorobo, na kila baada ya muda wakawaacha ndorobo hao wamuume mtu aliyejitolea, ili ijulikane kama vimelea vilivyokaa muda mrefu katika wanyama bado vinaweza kumwambukiza binadamu. Taarifa ya mwaka 1955 inaeleza miaka 18 ya kazi hiyo, na jibu lake ni kwamba vinaweza. Neno kujitolea, likiandikwa na mtawala kuhusu mtawaliwa, linahitaji kusomwa polepole.

Swali lililofuata lilikuwa ni mnyama gani wa porini hasa anayehifadhi vimelea vinavyomdhuru mtu. Mwaka 1958 watafiti nchini Kenya waliripoti kuwa wamevipata kwa pongo, lakini kwa kuwa kimelea cha malale na ndugu yake wa nagana wanafanana kabisa chini ya hadubini, njia pekee ya kuthibitisha ilikuwa kumdunga mtu na kungoja augue, na ndivyo ilivyofanyika. Mwaka 1970 Rickman na Robson, waliokuwa wakifanya utafiti huu Afrika Mashariki, walichapisha njia nyingine: vimelea vichanganywe kwanza na damu ya binadamu, kisha adungwe panya. Damu ya mtu huviua vimelea vya nagana, kwa hiyo panya akibaki mzima ilijulikana kuwa vimelea havina hatari kwa watu, na akiugua ilijulikana kuwa ni vya malale. Tangu hapo panya akampokea mtu mzigo. Kisha, kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, ilibainika kuwa jeni moja, yaani kipande kimoja cha maelekezo ya urithi kilichomo ndani ya kimelea, ndiyo inayokiwezesha kustahimili damu ya binadamu, na leo jeni hiyo inatafutwa katika tone la damu ndani ya mashine, bila mtu wala panya kudungwa.

Mfuatano huu unaonyesha jambo ambalo wanaotetea majaribio na wanaoyapinga hulipita haraka, nalo ni kwamba ruhusa ya kumtumia mnyama ina tarehe ya kuisha kama dawa iliyo katika chupa. Panya wa mwaka 1970 alimwokoa binadamu halisi ambaye angedungwa. Panya anayedungwa leo kwa swali lilelile, mahali ambapo kipimo cha jeni kipo, anateswa kwa mazoea tu. Waingereza William Russell na Rex Burch walilikaribia wazo hili mwaka 1959 walipomtaka mtafiti atafute mbadala wa mnyama kwanza, akiukosa apunguze idadi, na kwa wale waliobaki apunguze maumivu. Tanzania nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya mwaka 2008, inayomtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia.

Mbadala huo si ndoto ya maabara za Ulaya peke yake. Ndorobo walipomalizwa Unguja, kazi iliyokamilika mwaka 1997, madume zaidi ya milioni 8 waliohasiwa kwa mionzi walimwagwa kutoka kwenye ndege ili majike wa porini wasizae, na madume hao walikuzwa Tanga. Inzi wengi kiasi hicho wangehitaji kundi kubwa la wanyama hai wa kuwanyonya siku hadi siku. Badala yake walilishwa damu iliyokusanywa machinjioni, wakaifyonza kupitia utando laini uliowekwa juu yake kama ngozi.

Lakini anayehesabu mateso ya wanyama kwa kuangalia vizimba vya maabara pekee atakosea hesabu. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, huko Shinyanga, maelfu ya wanyamapori walipigwa risasi kwa miaka kadhaa ili ionekane kama ndorobo watakufa kwa njaa, na taarifa ya mwaka 1952 iliyaita mauaji hayo jaribio, bila haya. Kwa kulinganisha, panya wachache waliofanikisha kupatikana kwa feksinidazole ni wadogo kwa idadi na kwa umbo, ingawa ndio wanaozungumzwa zaidi, pengine kwa sababu bunduki ya msituni, hata ikiitwa jaribio, haifanani na maabara.

Katika vijiji vya Katavi leo, njia mbili ndizo zinazoleta matumaini, na zote mbili zinamhusisha mnyama kwa namna tofauti na ile ya Shinyanga. Ng'ombe wa mfugaji akichomwa dawa ya nagana, vimelea vinavyoweza kumdhuru mtu navyo hufa pamoja na vile vinavyomdhuru yeye, kama ilivyojaribiwa kwa kiwango kikubwa nchini Uganda kuanzia mwaka 2006, kwa hiyo ng'ombe huyo anailinda afya ya binadamu huku naye akinenepa. Nyati wa hifadhini hawezi kukamatwa akachomwa sindano, na kwa ajili yake hubaki mtego, yaani kitambaa cha buluu na cheusi kilichotiwa dawa na kutundikwa kando ya njia, maana ndorobo huvutwa na rangi hizo akidhani ameona mnyama.