ZEBAKI KATIKA KUZIBA MENO

Jino lililotoboka halijiponyi lenyewe. Ndiyo sababu mganga wa meno husafisha tundu na kuliziba kabla uozo haujafika penye mshipa. Kwa zaidi ya miaka 150 dawa iliyotumika sana ni mchanganyiko wa fedha, bati na shaba, vikiunganishwa kwa zebaki, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Dawa hiyo ilipendwa kwa kuwa haina gharama kubwa, tena hudumu miaka mingi hata katika magego.

Hata hivyo zebaki ni sumu. Mwaka 1956 maradhi mabaya ya mishipa ya fahamu yaligunduliwa katika mji wa Minamata, nchini Japani. Kiini chake kilikuwa zebaki iliyomwagwa baharini na kiwanda. Iliingia katika samaki, na watu wakawala samaki hao. Kwa ukumbusho wa msiba huo, mapatano ya mataifa ya kupunguza matumizi ya zebaki, yaliyofanywa mwaka 2013, yaliitwa Mapatano ya Minamata. Kenya iliyathibitisha mwaka 2023.

Mwaka 2022 mataifa hayo yaliafikiana kwamba dawa ya zebaki isitumiwe katika meno ya watoto walio chini ya miaka 15, wala ya wanawake wenye mimba au wanaonyonyesha, ila mganga akiona ni lazima. Novemba 2025, mjini Geneva, yaliafikiana kwamba ifikapo mwaka 2034 matumizi yake katika meno yakome.

Je, mtu aliyezibwa jino kwa zebaki zamani aende mbio kulizibua? La, hasha. Kizibo kizima hutoa mvuke kidogo sana. Mvuke huzidi wakati wa kukitia na wakati wa kukitoa. Kwa hiyo mwaka 2020 idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa ilishauri kwamba kizibo kilicho kizima kisiondolewe pasipo haja ya matibabu. Anayemwahidi mgonjwa kwamba kuondoa vizibo vyote kutamponya kila maradhi, anamtoza fedha bure na kuyatia hatarini meno yaliyo mazima.

Kizibo kikivunjika, au uozo ukianza chini yake, hapo ndipo kinapostahili kutolewa. Mganga mwangalifu hulifunika eneo la jino kwa kitambaa cha mpira, hukata kizibo vipande vikubwa badala ya kukisaga, humimina maji ya kupoza, na kuuvuta mvuke kwa mrija wa kufyonza. Mabaki huyaweka katika chombo chenye kifuniko. Hayatupi katika mfereji, maana zebaki ikifika majini vijidudu huigeuza kuwa sumu kali zaidi, nayo huingia katika samaki.

Iko njia nyingine isiyohitaji zebaki, na chimbuko lake ni hapa Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1980 ilianza kujaribiwa nchini Tanzania, kwa ajili ya mahali pasipo umeme. Mganga hukwangua kwa vyombo vya mkono sehemu laini iliyooza tu, kisha huziba tundu kwa saruji inayoshikamana na jino na kutoa floridi, dawa inayoliimarisha. Vijidudu vinavyosalia chini ya kizibo hukosa chakula na kudhoofika. Mara nyingi sindano haihitajiki, jambo linalowafaa sana watoto. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza njia hiyo mwaka 1994, na mwaka 2021 saruji hiyo iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu.

Aendaye kwa mganga wa meno yampasa kukumbuka kwamba kinywa hakikutengana na mwili. Amwambie kama ana mimba, kama ana ugonjwa wa kisukari, ambao huzidisha maradhi ya ufizi, au kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande. Naye aulize jino lake litazibwa kwa dawa gani.

Lakini kizibo kilicho bora kuliko vyote ni kile kisichohitajika. Sukari ipunguzwe, hasa kwa watoto, na meno yapigwe mswaki mara mbili kila siku kwa dawa yenye floridi. Kinga ni bora kuliko tiba.