SABUNI NDANI YA KOMPYUTA

Ukipita kwetu Majengo Jumamosi asubuhi utawakuta akina mama wameinamia makarai. Nyanya yangu ni mmoja wao. Yeye hufua ovaroli za mafundi wa jua kali wa Gikomba, na sabuni hununua kwa pesa zake mwenyewe. Ikizidi, faida imekwenda na povu. Ikipungua, grisi haitoki na fundi halipi. Siku moja akaniuliza, "Wewe unayesoma kemia, mbona nikipunguza sabuni kidogo tu kazi yote inaharibika?" Nikanyamaza kama maji mtungini.

Jibu nimelipata baadaye. Molekuli ya sabuni ina kichwa na mkia. Kichwa hupenda maji, mkia hupenda mafuta. Molekuli zikiwa chache huzurura moja moja au huelea juu ya maji. Zikifika kiasi fulani, hao! Hujikusanya mikia ndani, vichwa nje, zikawa kijitufe kiitwacho miseli. Grisi huingia katikati ya mikia na kuchukuliwa na maji. Kwa sodiamu dodesili salfeti, ambayo hutiwa katika shampuu, kiasi hicho ni gramu 2.3 hivi kwa lita, na miseli moja ina molekuli kama 60. Chini ya hapo, grisi haina wa kuibeba. Nyanya alilijua jambo hili kwa mikono yake!

Mwanakemia McBain alitoa wazo la miseli mwaka 1913. Lakini nani ataziona zikijijenga, na upana wake ni kama sehemu 4 za milioni za milimita? Hapo ndipo kompyuta inapoingia. Molekuli huchorwa kama shanga zilizounganishwa, zikamwagwa ovyo ndani ya sanduku la maji. Programu hukokotoa jinsi zinavyovutana na kusukumana, huzisogeza kidogo mno, kisha hukokotoa tena, mara mamilioni. Hakuna anayeziamuru zijipange, bwana, zinajipanga zenyewe. Mwaka 1990 Berend Smit na wenzake, katika maabara ya Shell mjini Amsterdam, walionyesha hivyo kwa sanduku lenye maji, mafuta na sabuni.

Uzuri wa kompyuta ni kwamba waweza kubadilisha maji. Tia mafuta badala yake, na mambo yanapinduka: vichwa vinajificha ndani, mikia inabaki nje, na kinachobebwa sasa ni vitone vya maji. Tia spiriti nyingi majini, miseli husambaratika, kwani mikia haina tena cha kukimbia.

Nilimweleza Nyanya haya yote. Akasikiliza, akakamua ovaroli, akasema, "Haya mjukuu wangu, basi niambie ni vijiko vingapi kwa karai hili."

Nikakwama tena. Zile gramu 2.3 si za sabuni yake ya unga, na grisi nyingi hudai miseli nyingi. Tumepima karai: lita 15. Jumamosi ijayo tutaanza na kijiko kimoja, tuongeze kimoja kimoja mpaka grisi iachilie, nami nitaandika.