Si Kila Moto Huzimwa kwa Maji

Maji ndiyo jirani wa kwanza wa mwananchi wa Wampembe. Nyumba ikishika moto, watu hukimbilia ziwani na ndoo. Mtoto akiungua, humwagiwa maji. Kitu kikimwagika sakafuni, husuuzwa kwa maji, na uchafu wake ukarudi ziwani. Desturi hii imeokoa roho nyingi tangu enzi za mababu, wala hapana wa kuilaumu. Lakini zama zimegeuka, na nchini mwetu vimeingia vitu ambavyo vikikutana na maji havipoi, bali huchemka, huwaka, hulipuka au hutoa hewa yenye sumu. Kwa vitu hivyo ndoo ya maji si dawa, ni kiberiti.

Wako watakaosema kwamba mambo hayo ni ya miji yenye viwanda, na kwamba Wampembe, kijiji cha wavuvi na wakulima kilicho chini ya magenge ya Ufipa, hakina kiwanda. Ni kweli hakina kiwanda. Lakini kemikali hazikai kiwandani. Huzaliwa huko, kisha husafiri kwa lori, kwa boti na kwa mfuko wa mkononi, mpaka zikafika katika duka la pembejeo na chini ya kitanda cha mkulima.

Sumu iliyomo ghalani

Tuanze na jambo lililo karibu nasi. Mkoa wa Rukwa unasifika kwa mahindi. Mjini Sumbawanga yamo maghala na vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, na kila familia ya mkulima inayo akiba yake. Adui wa akiba hiyo ni dumuzi na fukusi. Ili kuwaua, hutumika vidonge vya kufukizia nafaka ambavyo wengi huviita kwa jina la biashara la Phostoxin. Vidonge hivi si sawa na dawa ya unga inayochanganywa na mahindi kabla ya kuyatia guniani. Vimetengenezwa kwa fosfidi ya alumini, na kazi yake yote hutegemea unyevu. Kidonge kikipata unyevunyevu wa hewa, hutoa polepole gesi iitwayo fosfini, nayo ndiyo inayoua wadudu. Kidonge cha gramu 3 hutoa kiasi cha gramu 1 ya gesi hiyo.

Gesi inayomwua dumuzi humwua na binadamu, na hadi leo haina dawa ya kuiondoa mwilini; mganga hutibu madhara yake tu. Harufu yake hufanana na ya kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini mtu asingoje harufu ndipo akimbie, maana gesi yaweza kumdhuru kabla pua haijapata habari. Ni nzito kidogo kuliko hewa, kwa hiyo hupenda kutuama mahali pa chini palipofungika.

Sasa fikirini, ndugu wasomaji, safari ya vidonge hivyo kuelekea mwambao. Hushuka kutoka uwandani kwa barabara ya Kitosi hadi Wampembe, ambayo wakati wa mvua kila dereva huijua tabia yake. Au hupakiwa katika boti ya mbao pamoja na abiria, magunia, kuku na watoto. Chini ya boti hakukosi maji yaliyojikusanya. Mkebe ukipasuka ukaangukia humo, gesi haitatoka polepole kama ilivyokusudiwa na mtengenezaji. Itatoka kwa kishindo, na yaweza kuwaka yenyewe bila kiberiti. Hata magunia ya mahindi yaliyofukizwa jana na kupakiwa leo ni hatari kwa abiria anayelala juu yake usiku kucha chini ya turubai.

Mfano wa pili ni kabidi ya kalsiamu, mawe ya kijivu wanayotumia mafundi wa kuchomelea vyuma. Yakiguswa na maji hutoa asetilini, gesi iwakayo kwa ukali mno. Wazee wa mwambao hawana haja ya kufundishwa jambo hili, kwani taa ya karabai imepata jina lake kutokana na kabidi hiyo hiyo: katika taa za kwanza za namna hiyo maji yalidondokea mawe, gesi ikatoka, mwanga ukawaka. Kilichokuwa mwanga ndani ya taa huwa bomu ndani ya stoo inayovuja. Mfano wa tatu ni chokaa isiyozimwa, ambayo ikipata maji huchemka hata kuunguza ngozi na kupofua macho.

Barabara na bandari

Tutoke kijijini tutazame barabara kuu. Migodi ya shaba ya Zambia na Kongo hutumia asidi ya sulfuriki kwa wingi ili kuyeyusha madini kutoka katika mawe, na Tunduma ni mlango mkuu wa biashara yetu na nchi hizo. Kutoka Tunduma barabara ya lami hupanda mpaka Sumbawanga, na kutoka Sumbawanga nyingine huteremka kwa Matai hadi bandari ya Kasanga. Bandari za Kasanga na Kabwe zimejengwa ili tufanye biashara na majirani ng'ambo ya ziwa. Hayo ni maendeleo, nasi tunayataka. Lakini barabara haichagui mizigo. Ipitishayo saruji leo yaweza kupitisha asidi kesho.

Mnamo tarehe 20 Februari, 2019, katika barabara ya Lubumbashi kwenda Kolwezi nchini Kongo, lori lililobeba asidi ya sulfuriki liligongana na basi la abiria. Watu wapatao 20 walipoteza maisha, na wengine waliunguzwa na asidi iliyowamwagikia. Ajali hiyo ilitokea karibu na kijiji kiitwacho Kabwe. Jina hilo ni lile lile la bandari yetu ya Nkasi. Majina kufanana si dalili ya jambo lolote, lakini yatosha kutukumbusha kwamba umbali baina ya wao na sisi ni mdogo.

Mwaka 2025, tarehe 18 Februari, bwawa la mabaki ya mgodi karibu na Chambishi, Zambia, lilibomoka na kumwaga maji yenye asidi katika kijito cha Mwambashi, na kutoka hapo katika mto Kafue. Samaki walikufa, na mji wa Kitwe ukakatiwa maji ya bomba. Serikali ya Zambia ililazimika kutumia ndege na boti kumwaga chokaa mtoni ili kuipunguza asidi. Maji ya Kafue huelekea Zambezi, hayafiki kwetu; tena mto hutiririka, na baada ya muda hujisafisha. Ziwa Tanganyika halina bahati hiyo. Lina kina cha mita zipatazo 1,470, na njia ya kutokea maji yake ni moja tu, mto Lukuga. Kiingiacho humo hukaa kwa vizazi. Ndiyo sababu mwaka 2003 Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia zilitia saini mkataba wa kulihifadhi.

Mafunzo ya walimwengu

Dunia imekwisha lipa karo ya somo hili kwa damu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984, katika mji wa Bhopal nchini India, maji yaliingia katika tangi lenye tani zipatazo 40 za kemikali ya kutengenezea dawa za wadudu. Kemikali ile haipatani na maji. Ikachemka, ikapasua njia, na gesi yake ikawafuata wananchi vitandani. Maelfu walikufa. Wengi wao waliishi kando ya ukuta wa kiwanda, wala hawakuwa wameambiwa kinachotengenezwa mle ndani wala wakimbilie wapi.

Huko Tianjin, China, tarehe 12 Agosti, 2015, ghala la kemikali lilishika moto. Wazimamoto wakaingia kazini bila kuelezwa sawasawa yaliyomo ndani, na humo mlikuwa na vitu visivyopatana na maji pamoja na shehena kubwa ya kemikali za kulipuka. Watu 165 walifariki na 8 hawakuonekana tena. Zaidi ya nusu ya waliofariki walikuwa wazimamoto wenyewe. Mabomba walikuwa nayo, na ushujaa walikuwa nao. Walichokosa ni habari.

Na sisi tunalo letu. Tarehe 10 Agosti, 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukateketeza zaidi ya watu 100. Petroli haihusiani na kemikali tunazozisema hapa, lakini tabia ya binadamu ni ile ile: kitu kikimwagika, watu huenda kutazama, na baadhi huenda kuchota.

Saa ya kwanza

Sheria tunazo. Sheria ya Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 imempa Mkemia Mkuu wa Serikali mamlaka ya kusimamia uingizaji, usafirishaji na uhifadhi wa kemikali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kugharimia usafi. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lipo, na simu yake ni 114. Lakini sheria haina magurudumu. Kutoka Sumbawanga mpaka Wampembe ni mwendo wa saa nyingi, na wakati wa mvua ni nyingi zaidi. Hata wataalamu wakija kwa moyo wote, saa ya kwanza ya maafa ni ya wanakijiji peke yao, na roho nyingi hupotea au huokoka katika saa hiyo hiyo.

Basi mwanakijiji afanye nini? Kwanza, asikaribie. Arudi nyuma hatua mia na zaidi, akielekea upande upepo unakotoka, apande juu badala ya kushuka bondeni, na awaondoe watu waliopo upande upepo unakoelekea. Akumbuke kwamba aghalabu upepo wa mchana hutoka ziwani na wa usiku huteremka kutoka milimani.

Pili, asimwage maji juu ya kilichomwagika mpaka ajue ni kitu gani. Mchanga mkavu ndio silaha ya maskini: huzuia asidi isitiririke kuelekea kijitoni, na hufukia moto mdogo wa kabidi au fosfidi. Kama moto umekuwa mkubwa, auache uwake, alinde nyumba za jirani.

Tatu, asome alama akiwa mbali. Kibao cha pembe nne kilichosimama kwa ncha, cha rangi ya buluu na chenye mwali wa moto, maana yake ni hatari kikilowana. Penye kibao cha rangi ya machungwa chenye tarakimu, herufi X mbele ya tarakimu ni amri ya kukataza maji. Tarakimu zile zitajwe kwenye simu, maana mtaalamu aliye mbali atajua ni kitu gani kabla hajaondoka ofisini.

Nne, atofautishe dimbwi na mtu. Maji yaliyokatazwa kwa dimbwi la asidi ndiyo yanayomwokoa mtu aliyemwagikiwa, ila yawe mengi mno na ya kutiririka, kwa muda usiopungua dakika 20, huku nguo zimevuliwa. Kikombe kimoja huongeza joto. Mto mzima huondoa asidi. Aliyepatwa na unga wa chokaa au wa vidonge akung'utwe kwanza ukiwa mkavu, ndipo aoshwe. Aliyevuta gesi atolewe penye hewa safi na akimbizwe kwa mganga, na aliyemeza kidonge asipuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo, kwani gesi iliyomo tumboni mwake yaweza kumwangusha na mwokozi.

Wajibu wa viongozi

Hayo hayahitaji fedha za kigeni. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakachimba vyoo. Tukiweza kumfundisha mwananchi habari za mbu na kipindupindu, hatushindwi kumfundisha habari za kabidi na fosfidi. Kamati za maafa za vijiji zisibaki majina katika daftari la mtendaji. Kila duka la pembejeo liwe na pipa la mchanga mkavu. Kila nahodha akatae kupakia vidonge pamoja na abiria. Zahanati za mwambao ziambiwe mapema aina za sumu zinazouzwa vijijini mwao, kabla mgonjwa wa kwanza hajafikishwa.

Wapo viongozi wanaoona kwamba kuwaeleza watu hatari hizi ni kuwatia hofu, na kwamba wafanyabiashara wataficha mizigo yao. Hoja hiyo haina mashiko. Hofu mbaya ni ya mtu asiyejua, kwa sababu hukimbia ovyo, au hukimbilia penye hatari na ndoo mkononi. Na mfanyabiashara anayeficha sumu kati ya magunia ya abiria hastahili kutunziwa siri. Anastahili kufikishwa mbele ya sheria.

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Wampembe haijapata msiba wa namna hii, na huu ndio wakati mzuri wa kujifunza. Serikali ya kijiji ikutane juma hili, si baada ya mvua. Ajenda iwe fupi: ni kemikali gani zimo kijijini, zimehifadhiwa wapi, mchanga uko wapi, na nani atapiga simu.