Sindano Nene na Majibu Yake

Huku kwetu Likoni mwanamke akiambiwa uvimbe wa titi utolewe kinyama kikapimwe, majirani humwahi: "We, usikubali! Saratani ikiguswa na chuma husambaa." Mamangu mdogo aliambiwa hivyo hivyo, akakaa miezi minne asivuke feri kwenda hospitali.

Kipimo chenyewe huitwa bayopsi. Daktari hutia ganzi, kisha kwa sindano nene hutoa vipande vyembamba kama njiti ya kiberiti. Hivyo huhifadhiwa katika fomalini hadi vikaguliwe kwa hadubini. Ile sindano nyembamba ya kufyonza huleta chembe tu, na pengine hazitoshi kukata shauri. Nene hukosea mara chache zaidi. Baadaye aghalabu huwa ni vilio la damu na maumivu ya siku chache. Usaha huingia kwa nadra. Sindano kusambaza saratani ni nadra mno, ilhali ikiwa saratani ipo, kungoja ndiko kunakoipa nafasi.

Uvimbe mwingi wa titi si saratani. Lakini jamani, hata jibu la "hakuna saratani" halitoshi peke yake, kwani sindano yaweza kuukosa uvimbe wenyewe. Iwapo vidole vya daktari na picha ya mamografia vyaonyesha jambo la kutia shaka, na karatasi yasema salama, kipimo hurudiwa.

Mamangu mdogo mwishowe alivuka. Uvimbe wake haukuwa saratani. Hata hivyo aliambiwa arudi baada ya miezi sita apigwe picha tena, na safari hii hakumwuliza jirani.