Alama 88, lakini mlima je?

Mgonjwa wangu mmoja wa kisukari anahamia kwa mwanawe Seattle, Marekani. Kijana ameandika programu fupi: unaingiza anwani ya nyumba, huduma ya Walk Score inakurudishia alama, 0 hadi 100, kuonyesha mtaa unavyomfaa mtembea kwa miguu. Nyumba moja imepata 88, nyingine 61. Wanataka ya 88.

Sikuwapinga, mama anahitaji angalau dakika 150 za kutembea kila wiki. Ila alama hizo hutazama zaidi umbali: duka lililo ndani ya mwendo wa dakika 5 hupewa pointi zote, likizidi dakika 30 halipewi kitu. Vilima hazivioni, na Seattle imejaa vilima. Magoti ya mama huyu yanauma. Nimemwomba kijana aende dukani kwa miguu, arudi na mfuko wa viazi, kabla ya kusaini mkataba.