Usaha kwenye jicho la kichanga hausubiri arubaini

Mzazi wa Unguja akisharudi kutoka hospitali ya Mnazi Mmoja au ya Mwembeladu huingia ndani siku 40. Hukandwa maji moto, hunywa uji wa pilipili manga, na bibi ndiye mwenye kauli juu ya mtoto. Ni malezi mema. Ila siku zile za mwanzo ndizo ugonjwa mmoja mbaya wa macho hujitokeza, mkunga akiwa mbali.

Mtoto anapopita njia ya uzazi huweza kuambukizwa vimelea alivyonavyo mama. Vya kisonono vikiingia machoni, kope huvimba, kwa kawaida kati ya siku ya 2 na ya 5, na usaha mzito hurudi kila ukifutwa. Hivi ndivyo vya kuogopwa zaidi: hupenya kioo cha jicho hata kisicho na mchubuko, na vinaweza kukitoboa. Klamidia, maradhi mengine ya zinaa, hukawia, mara nyingi hadi wiki ya pili, nayo huweza kumletea mtoto nimonia.

Mama asihukumiwe. Wanawake wengi wenye maradhi haya hawana dalili yoyote, na kipimo cha kaswende au VVU hakiyaoni.

Kinga ipo tangu zamani. Kuanzia 1880, Carl Credé wa Leipzig aliwadondoshea vichanga nitrati ya fedha machoni. Wagonjwa wakapungua kutoka takriban 10 katika kila 100 hadi chini ya 1. Jirani zetu Kenya waliongeza mengi. Utafiti wa Nairobi wa miaka ya 1980 ulionyesha kuwa, bila dawa ya kinga, watoto 42 kati ya 100 wa mama wenye kisonono waliambukizwa. Mwaka 1995 ukachapishwa utafiti wa mji wa Kikuyu, Kenya, wa watoto 3,117, ulioonyesha kwamba povidoni-ayodini, dawa ya bei nafuu, inakinga vizuri. Leo Shirika la Afya Duniani linataka kila kichanga apakwe dawa machoni mara baada ya kuzaliwa, kwa mfano tetrasaiklini ya asilimia 1. Iulizieni kabla hamjatoka wodini.

Usaha ukionekana, msikamulie maziwa ya mama wala msipake wanja. Tongotongo kidogo huenda likawa ni mfereji wa machozi uliochelewa kufunguka, lakini wa kuamua hilo ni daktari. Mtoeni mtoto siku hiyohiyo, arubaini isiwazuie. Kisonono cha macho hutibiwa kwa sindano. Dawa ya kupaka peke yake haitoshi. Mama atibiwe, na baba naye, hata akisema haumwi, maana asipotibiwa atamwambukiza tena mkewe.